Nyumba ya wazee aliko mama: nyota 3 kwa 5

Jina siweki maana mama bado yumo humo, ila iko huku Leicester, Uingereza. Usafi hauna shida, keya (wahudumu) wa usiku wanapita vizuri, msosi wa kawaida tu, wali wao mnaujua wenyewe.

Sasa kilichonichefua. Mama toka apate kiharusi Kiingereza kimemtoka karibu chote, kabaki na Kiswahili. Wiki ya tatu naenda nakuta kwenye faili wameandika hana uwezo wa kuamua, kisa aliulizwa kama anataka kuhamia chumba cha chini akanyamaza. Kaulizwa saa 3 usiku, kashameza dawa, macho yanafumba, tena kwa Kiingereza cha mbio mbio, jamani hata mimi ningenyamaza!

Sheria ya huku, Mental Capacity Act ya 2005, inasema mtu mzima ahesabiwe anaweza kuamua mpaka ithibitike hawezi, na huwezi kusema hawezi kabla hujamsaidia kwa kila njia inayowezekana, sasa mkalimani siyo njia? Wanatakiwa waangalie kama ameelewa, amekaa nayo kichwani, ameipima na ameweza kujibu, hata kwa kukonyeza. Tena ni kwa jambo lile lile moja wakati ule, siyo cheti cha maisha.

Nikamwakia meneja. Kwa haki hakubisha, akaleta mkalimani na ofisa ustawi, asubuhi saa 4 mama kashakunywa chai, wakamwonyesha picha za vyumba vyote viwili. Akasema nabaki huku huku juu, naona watu wakishuka basi.

Na mi nilitaka ahamie chini, ngazi zile naziogopa! Nikasema mimi ndo mwanae, naamua mimi. Ofisa akaniambia kistaarabu kuwa mtoto hana mamlaka hayo hivi hivi, na hata ningekuwa na karatasi ya uwakilishi wa mambo ya afya iliyosajiliwa, ingefanya kazi tu mama mwenyewe akishindwa kuamua. Na mtu kuchagua usichokipenda siyo ushahidi kuwa akili imeondoka. Mama akanikata jicho, "Umesikia?"

Nyota mbili nimekata, moja ya yale waliyoandika kwenye faili, nyingine maana mpaka leo hakuna aliyemwomba radhi. Ila keya wa asubuhi sa hivi kajifunza "sukari ngapi mama?" na mama ananyoosha vidole viwili, mi hapo nanyamaza.