Mashine ya sukari kwa kijana wako: uliza vijiti kwanza

Mwanangu ana miaka 16 na kisukari cha aina ya kwanza. Wazazi wenzangu hapa Tanga wakiniuliza wanunue mashine gani, nawatuma kwanza famasi ya karibu na kwao wakaulize vijiti gani vya kupimia sukari havikosekani. Kijana akipima mara 4 kwa siku, mwezi mmoja anamaliza vijiti 120. Kopo la 50 halifikishi wiki mbili. Niliwahi kuuziwa mashine kwa bei ya kutupa. Vijiti vilipokwisha nilizunguka Ngamiani barabara kwa barabara, nikarudi mikono mitupu.

1. Mashine ya kuchoma kidole yenye bluetooth. Ndiyo ningenunua leo. Accu-Chek Instant na Contour Plus One zote hupeleka namba kwenye simu zenyewe, na bluetooth haili bando. Contour ina jambo ninalolipenda sana: damu isipotosha, inakupa sekunde 60 uongeze tone kwenye kijiti kilekile. Kwa bei ya vijiti, hiyo ni nafuu kubwa.

Mashine yoyote ile, mikono ioshwe. Jioni moja mwanangu alimenya chungwa la Muheza, akapima hapohapo: 19.3. Alishashika sindano ya insulini. Nikamwambia, baba, nenda kanawe kwanza. Akapima tena: 8.1. Ile 19 ilikuwa sukari ya chungwa kidoleni.

2. Kihisi cha mkononi, kama FreeStyle Libre 2. Kinabandikwa nyuma ya mkono, kati ya bega na kiwiko, kinakaa siku 14, na usiku simu au kisomaji chake hulia sukari ikishuka. Kingekuwa cha kwanza kama si gharama, maana unahitaji viwili kila mwezi. Kinavumilia maji ya kina cha mita 1 kwa nusu saa, kwa hiyo kuogelea Raskazone si tatizo. Ila kinasoma majimaji ya chini ya ngozi, ambayo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Kijana akitetemeka na kutoka jasho huku kihisi kinasema yuko sawa, choma kidole.

3. Programu ya simu, kwa mfano mySugr. Toleo la bure linatosha kuandika sukari, insulini na chakula. Usitegemee kukuta mbaazi za nazi kwenye orodha za vyakula. Apige picha ya sahani aende nayo kliniki. Akaunti iwe yake, na mkubaliane wewe utaona nini. Ukimfokea kwa kila namba kubwa, ataacha kupima. Mwenye kitochi aweke kengele na daftari.

4. Saa na pete zinazodaiwa kupima sukari bila kutoboa ngozi. Usinunue, hata iwe elfu kumi. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha hata moja. Kijana akichoma insulini kwa kufuata namba ya uongo, sukari inaweza kushuka mpaka azimie.

Kabla hujalipa, washa mashine uone inasoma sukari kwa kipimo cha mmol/L kama kliniki. Ya kipimo kingine, mg/dL, itakuandikia 126 pale ulipozoea 7. Soma tarehe ya mwisho kwenye kopo la vijiti, na nyumbani kopo lifungwe kila mara anapotoa kimoja, kwani unyevu wa pwani huviharibu.