Ihefu, upande wa Usangu: ukienda, fika mpaka Ng'iriama

Ukitaja Hifadhi ya Ruaha, wengi wetu hapa Mbeya tunawaza simba, tembo na safari ya kuzungukia Iringa. Mimi nawashauri mwende Ihefu, kinamasi cha bonde la Usangu, kilichoingia Ruaha mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu lilipounganishwa na hifadhi. Unapita Igurusi na Chimala hadi Rujewa, na ukilala gesti hapo unawahi asubuhi.

Ndege ndio waliotuchelewesha. Mwari wametanda majini, furukombe analia juu ya mti mkavu, halafu kuna kandege ka kahawia chenye vidole virefu ajabu, kanatembea juu ya majani ya mayungiyungi bila kuzama. Mama mmoja tuliyekuwa naye alikataa katakata tuondoke kabla hakajavuka. Viboko walikuwepo wengi, mamba pia.

Ila kilichonigusa zaidi ni Ng'iriama. Mito inayoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere inajaza bonde, na maji yote yanayotoka Ihefu kwenda mto Ruaha Mkuu hupita hapo, juu ya kizingiti cha mwamba. Kina kikishuka chini ya mwamba ule, Ruaha Mkuu haupati tone kutoka kinamasini. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, na sababu kubwa ni maji yanayochepushwa huku juu kwenda mashambani. Mbele zaidi kwenye mto huo yapo mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mwongozaji wetu alieleza haya taratibu, akituonyesha kwa mkono alama ya maji kwenye jiwe. Mimi nimekula mchele wa Mbarali, wilaya yenye mashamba hayo, maisha yangu yote, na pale nilibaki nimesimama muda mrefu.

Sasa mambo ya safari. Gari dogo lisahau. Masika bonde linafurika, udongo mweusi unanasa hata gari kubwa, kwa hiyo subirini kiangazi. Gari la kukodi tulilopewa lilikuwa na tairi la akiba lisilo na upepo, kagueni kabla ya kutoka. Nguo za bluu na nyeusi acheni nyumbani, mbung'o wanazifuata. Chakula na maji ya kunywa nunueni Rujewa. Na mkiona muda unabana, punguzeni kuzunguka kutafuta wanyama, Ng'iriama msiiache.