Siku moja ya usukani Salzkammergut: mara ya kwanza nilichemka, ya pili nikapatia

Nakaa Munich, na huku Jumamosi ikitoka na jua nusu ya mji hukimbilia Austria kuangalia maziwa. Mimi nimekwenda mara mbili kwa gari la kukodi, kutoka alfajiri na kurudi usiku. Safari ya kwanza, Agosti, na rafiki yangu wa kazini, ilikuwa hovyo. Ya pili, Septemba, na shangazi aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga, ningeirudia hata kesho. Barabara ni ile ile na maziwa ni yale yale. Kilichobadilika ni mpango tu.

Salzkammergut ni eneo la milima na maziwa mashariki ya Salzburg. Zamani lilikuwa mali ya hazina ya chumvi ya Habsburg, ukoo wa wafalme waliotawala Austria, na hiyo "Salz" kwenye jina ndiyo chumvi yenyewe. Vijiji viko ukingoni mwa maji, mlima unaanzia nyuma ya nyumba ya mwisho. Ukiangalia ramani unadanganyika: Salzburg hadi Hallstatt ni kama kilomita 75, saa moja na robo. Nikasema ah, hiyo si Tanga na Muheza, kwenda na kurudi! Basi nikaandika miji saba kwenye karatasi: Mondsee, Fuschl, St. Gilgen, St. Wolfgang, Bad Ischl, Hallstatt na kumalizia Gmunden.

Miji saba, siku moja, Agosti. Tulifika Hallstatt saa sita na nusu mchana, ubao wa taa barabarani ukatuambia maegesho yote yamejaa. Tukazunguka, tukaingia handakini, tukatoka, tukarudi tena. Kijiji kile tumekiona kupitia kioo cha gari. Gmunden tulifika jua limezama, tukala mkate na jibini ndani ya gari, na rafiki yangu hakunisemesha mpaka Salzburg.

Mara ya pili nilifanya mambo mawili tu. Nilipunguza miji ikabaki minne, na nikaigeuza njia: kuanza na Hallstatt, ambako ndiko mbali zaidi na ndiko kunakojaa, halafu kurudi taratibu kuelekea nyumbani.

Kwanza nimalizane na gari. Ukitaka la otomatiki Ujerumani, sema mapema, la sivyo utapewa la gia. Mwambie pia anayekukodishia kwamba unavuka mpaka, iandikwe kwenye mkataba. Kampuni niliyokodi, jina silitaji, ilinibandikia kitu walichokiita "kifurushi cha Austria", ndani yake ikiwemo vignette, ile stika ya ushuru wa barabara kuu. Nililipa kama bwege. Kumbe tangu Desemba 2019 kipande cha barabara kuu ya A1 kuanzia mpakani Walserberg hadi njia ya kutokea ya Salzburg Nord hakidaiwi stika kwa magari madogo, na kutoka hapo unapita mjini na kushika B158, barabara ya kawaida isiyo na ushuru huo, inayokupeleka Fuschl, St. Gilgen, Strobl mpaka Bad Ischl. Ukipitiliza Salzburg Nord kwenye A1 bila stika, hapo ndipo kamera zinakuhusu. Kwa hiyo chora njia yako kwanza, ndiyo uamue kununua.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Shangazi alikaa mbele, upande wa kulia, mahali ambapo kwetu ndipo penye usukani, na kila kona mguu wake ulikanyaga breki isiyokuwepo. Kuanzia St. Gilgen barabara inafuata maji, ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa kama shuka, akaacha kukanyaga. "Mwanangu, punguza mwendo," akasema, lakini safari hii haikuwa kwa woga.

Saa mbili kasoro tulikuwa Hallstatt. Maegesho ya P1, kwenye mahandaki juu ya kijiji, yalikuwa na nafasi ya kuchagua. Kijiji chenyewe hakifiki wakazi 800, na siku za msimu kinapokea wageni maelfu. UNESCO ilikiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997 pamoja na eneo zima la milima ya Dachstein, na Wachina wamejenga nakala yake mkoani Guangdong. Mabasi ya watalii siku hizi lazima yakate nafasi ya muda kabla ya kuja, na yakishaanza kuteremsha watu unajua. Sisi tulipata saa moja na nusu kabla ya hapo. Mwenye duka anafagia mlangoni, bata wawili, kengele ya kanisa, basi. Tukanywa kahawa tukiwa tumeelekeza uso majini.

Nilimweleza shangazi kwamba wengi wanakuja hapa kupiga picha kwa muda wa saa mbili tatu na kuondoka. Akacheka, akatoa msemo wa kwetu Tanga: "Waja leo waondoka leo. Kumbe Tanga iko na huku!"

Kanisa la Kikatoliki liko juu, ngazi ni nyingi, na kwa mwenye magoti mabovu nasema wazi: panda polepole au usipande. Shangazi alipanda, kituo kwa kituo, mkono wangu mmoja ukiwa fimbo yake. Nyuma ya kanisa kuna chumba kidogo chenye mafuvu ya vichwa kama 1,200, zaidi ya 600 yakiwa yamechorwa rangi: mataji ya majani, mawaridi, na jina la mwenyewe kwenye paji la uso. Makaburi ni finyu, mlima huku ziwa kule, kwa hiyo zamani baada ya miaka kadhaa marehemu alifukuliwa, mifupa ikaanikwa juani ikawa nyeupe, jamaa wakaipamba na kuiweka humo ili mwingine apate nafasi. La mwisho liliingizwa 1995. Nilikuwa nikimtazama shangazi kuliko mafuvu, nikihofia nimemleta mahali pa kumtia kichefuchefu. Alisimama kimya, akanong'ona dua, kisha akaniuliza, "Huyu wa mawaridi ni mwanamke?" Tukasoma jina. Alikuwa mwanamke.

Kabla ya saa tano tuko barabarani, magari yakija kwa wingi upande wa pili. Nilijisikia mjanja, sitaficha.

Bad Ischl ni mwendo wa kama kilomita 20. Mji mzuri lakini si wa ziwa, ni wa mto na wa kifalme. Kaizari Franz Joseph wa Austria alikuwa akija hapa kila kiangazi. Jumba lake, Kaiservilla, unaingia na mwongozaji. Kuta zimejaa pembe za wanyama aliowawinda, shangazi akauliza kama bwana huyu alikuwa na kazi nyingine. Basi tukaonyeshwa chumba chake cha kazi. Hapo Ischl, tarehe 28 Julai 1914, ndipo alipotia saini tamko la vita dhidi ya Serbia, na moto wa Vita ya Kwanza ukashika dunia. Mwanzoni mwa Novemba mwaka huo huo askari wa Kiingereza na Wahindi walikuwa wanashuka Tanga, wakapigwa na jeshi la Wajerumani na askari wake Waafrika, na nyuki nao wakaingia vitani kwa hiari yao. Kwetu kila mtoto kasimuliwa nyuki wale. Na wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita ile, ile "Carrier Corps", ndio walioiachia Kariakoo jina.

Shangazi alikiangalia chumba kwa muda. "Yaani mzee kakaa hapa, kapewa kalamu, na babu zetu Tanga wakatimka mbio?" Mwongozaji alitaka kujua bibi kasema nini. Nilijaribu kutafsiri, nikaishia kwenye nyuki, na kundi zima likasahau pembe za swala. Kama una muda wa kulipia mlango mmoja tu siku hiyo, lipia huu. Usiondoke pia bila kupita Zauner, duka la keki lililoanza 1832. Mnunulie mtu wako kipande, utasamehewa mengi.

Chakula cha mchana tulikula St. Gilgen, kando ya ziwa Wolfgangsee. Sisi Waislamu, kwa hiyo nyama tuliiacha, tukaagiza samaki wa ziwa anayeitwa Saibling, mzima, amekaangwa kwa siagi. Shangazi, fundi wa samaki wa Tanga, alimkagua macho, akamgeuza, akaonja. "Nchi ya chumvi, samaki hana chumvi!" Akafungua mkoba, akatoa kichupa cha pilipili ya kusaga na ndimu alichotoka nacho nyumbani, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni na mpira wa nywele. Mhudumu alionja kwa ncha ya uma. Akaomba tena.

Ushauri wa St. Gilgen: liache gari hapo, panda boti kwenda St. Wolfgang na kurudi. Kwa barabara inabidi uzunguke ziwa kupitia Strobl na kutafuta maegesho upya, wakati kwa boti unakaa tu na mlima unapita. Treni ya kupanda mlima Schafberg, ile ya reli yenye meno, inaanzia St. Wolfgang, imekuwepo tangu 1893 na mlima ni mita 1,783. Hatukupanda. Tiketi zinataka kukatwa mapema, na kwenda na kurudi kunakula nusu siku, kwa hiyo ama treni ama miji, chagua moja. Mji wenyewe una kanisa lenye madhabahu ya Michael Pacher ya 1481, iliyochongwa na kupakwa dhahabu. Tulikaa humo dakika kumi, tukarudi botini.

Fuschl am See ni mdogo, ndiko makao makuu ya Red Bull, maji yake ya kijani safi. Haukuwa kwenye ile minne, tulisimama kunyoosha miguu tu.

Kilichoniudhi ni mpakani. Ujerumani imerudisha ukaguzi upande huu tangu 2015, na Jumamosi jioni foleni ya Walserberg ni ya kweli. Tulikaa zaidi ya nusu saa, shangazi kalala, kiatu kimoja kavua. Polisi akainama dirishani akataka pasi zetu. Yangu ilikuwa mkobani. Ya shangazi, yenye viza, ilikuwa kwenye begi, begi liko kwenye buti, chini ya makoti na boksi la keki, na nyuma yetu honi zimeanza. Pasi ikae kwenye droo ya mbele.