Bampa, vikanyagio na keria ya mkonga: kinga ipi imehimili chumvi na magadi

Gari ni Land Cruiser mkonga, ile yenye bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo, na ni ya kazi, si ya maonyesho. Inalala Tanga, upepo wa bahari unaipiga usiku kucha, inazunguka Pangani na Saadani, na kiangazi inapanda mpaka Ziwa Natron. Kwa hiyo vyuma vyake vinakula chumvi huku chini, na huko juu vinakula changarawe na tope la magadi. Nilipochongesha vyuma vya ziada, yaani bampa, vikanyagio na keria ya mizigo ya juu ya paa, niliamua makusudi visipate kinga ya aina moja, maana kila kipande kina adui wake.

Bampa ya mbele ilipigwa rangi ya unga. Unga unarushwa ukiwa na chaji ya umeme, unang'ang'ania chuma, kisha kipande kinaingia tanurini kwenye nyuzi joto 180 hadi 200 na unayeyuka kuwa ganda moja. Siku ya kuichukua utaipenda tu: ngumu, haina michirizi, dizeli ikimwagika unapangusa na kuendelea na safari. Gari la mjini ningesema chukua hiyo, tusisumbuane.

Tatizo ni changarawe. Jiwe linatoboa kitundu kidogo tu, chumvi inaingia, na kutu haijitokezi ukaiona mapema. Inatambaa chini kwa chini. Karibu na winchi niliingiza kucha kwenye kitundu cha namna hiyo, ganda likanyanyuka refu kama ngozi ya jeraha linalopona. Chini yake chuma kilikuwa cha kahawia na bado kina unyevu. Kingo kali ndizo zinazoanza kufa, kwa sababu unga ukiyeyuka unakimbia makali na kubaki mwembamba pale pale panapogongwa. Pembe za ndani nako unga hauingii vizuri, umeme wenyewe unausukuma kwenye kuta za karibu. Fundi mzuri anazungusha kingo kwa grainda kwanza. Wa kwangu alikuwa na haraka. Na ikishachubuka, kuirudishia kwa brashi ni kuficha tu. Dawa yake ni kuvua yote na kurudi tanurini.

Vikanyagio vya pembeni, vile vya bomba nene vinavyokinga gari lisisuguliwe na miamba, nilivipeleka Dar vikachovywe kwenye zinki moto, kazi ile ile inayofanyiwa nguzo za chuma za umeme. Unalipa kwa kilo. Zinki iko kwenye nyuzi 450 hivi, na chuma chenye unene wa milimita 6 au zaidi kinatoka na ngozi ya zinki ya wastani wa mikroni 85 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kabla ya yote walikagua matundu. Bomba lililozibwa pande zote likizamishwa humo linaweza kupasuka, hewa na unyevu uliofungiwa vinatafuta pa kutokea. Kwa hiyo mwambie mchomeleaji atoboe mapema, na akumbuke kwamba bati jembamba hupinda kwenye joto hilo.

Sura yake ya kijivu haina cha kuringia. Lakini vimeshaburuzwa juu ya mawe hadi alama zikabaki, na kwenye mikwaruzo hakuna kutu, kwa sababu zinki inakubali kuliwa yenyewe kwanza ili chuma kipone. Kinachoishinda ni magadi: magadi makali yanakula zinki, na yanakula alumini pia, wenye Land Rover Defender za bodi ya alumini mnanielewa. Ukitoka Natron osha chini ya gari kwa maji mengi siku hiyo hiyo, usisubiri ufike nyumbani. Na usije ukapaka zinki mpya rangi ya mafuta ya kawaida. Itabanduka vipande vipande, kwa kuwa zinki inaigeuza rangi upande wa chini kuwa kitu cha sabuni.

Keria ilipata njia ndefu: kupigwa mchanga kwa presha mpaka chuma kikabaki kitupu kinang'aa, praima (rangi ya kwanza ya chini) yenye unga wa zinki, koti la epoksi, halafu rangi ya poliyurethani juu, kwa sababu epoksi ikiachwa wazi juani inachuja na kutoa vumbi la chaki. Hatua ya mchanga hairukwi. Praima ya zinki inafanya kazi ikigusana na chuma kitupu, ukiipaka juu ya kutu iliyosuguliwa kwa brashi ya waya umemwaga hela. Anayepuliza avae barakoa ya kweli, si kitambaa, hadena, ile dawa ya kugandisha inayochanganywa na rangi hizo, inaumiza mapafu.

Hii ndiyo ninayoipa alama za juu. Keria ilichubuliwa na matawi ya migunga, tukairudishia chini ya mti pale Mto wa Mbu kwa msasa, praima kidogo na brashi, na pale pameshika mpaka leo.

Springi na bolti ngumu usizipeleke kwenye zinki moto bila mtu anayejua, asidi ya kusafishia chuma kabla ya kuchovya inaweza kuzifanya zikatike. Wale wanaopaka oili chafu chini ya gari kuzuia kutu, nawaheshimu wazee wetu, ila inashika mchanga na inaharibu mipira ya bushi.

Bampa nimeshaivua, iko kwa fundi mwingine. Anazungusha kingo kwanza, kisha itapita njia ile ile ya keria. Vikanyagio sivigusi.