Mtoto Anaota Meno: Nunua Nini, Acha Nini

Namba moja kwangu huenda unacho tayari kabatini: kitambaa laini cha pamba. Kiloweshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kikunje, kikae kwenye friji, kisha mpe mtoto akitafune huku umemshika. Kama huna friji, ubaridi wa maji ya mtungini unatosha. Au nawa mikono, umkande ufizi kwa kidole taratibu. Mwanangu wa kwanza usiku alitulia kwa hayo tu, na nilikuwa nimeshanunua vitu vingine vitatu.

Namba mbili, na hapa pesa inastahili kutoka, ni pete ya kung'atia ya silikoni. Chukua iliyo kipande kimoja, isiyo na gundi wala shanga. Dukani iminye, ivute, inuse. Ikinuka vikali au ikiacha rangi mkononi, irudishe. Angalia na ukubwa: chochote kinachopenya kwenye kibomba cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto. Zenye maji ndani siziamini, maana jino likishatoka huzitoboa. Ipoze kwenye friji, usiigandishe, kwani barafu huumiza ufizi. Na usiifunge kamba ukamvika shingoni.

Tatu ni paracetamol ya maji, kwa ule usiku ambao hakuna kinachomtuliza, na kwa mtoto aliyetimiza miezi 3. Kipimo hufuata uzito, kwa hiyo mwambie mfamasia kilo zake. Zipite saa 4 hadi 6 kati ya dozi na dozi, zisizidi dozi 4 kwa siku. Matone huwa makali kuliko sirapu. Pimia kwa kipimo kilichokuja na chupa hiyohiyo.

Sasa vya kuacha. Jeli za kupaka ufizi, soma pakiti: ikiandikwa benzocaine, dawa ya ganzi, iache. Mwaka 2018 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya isitumike kwa walio chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Lidocaine, ganzi nyingine, nayo usiiguse. Mikufu ya kaharabu inayosifiwa mitandaoni inaweza kumnyonga mtoto usingizini, au ikakatika akameza shanga. Dawa ya kunywa ya mtoto anayeota meno isiyojulikana ilikotengenezwa usiikubali hata ikiletwa na shangazi: Nigeria, mwaka 2008, sirapu ya watoto wanaoota meno iliyoitwa My Pikin ilikutwa na diethylene glycol, kemikali yenye sumu, ikaua watoto zaidi ya 80.

Kuna pesa nyingine inayoniuma zaidi, ile anayolipwa mtu wa kung'oa "meno ya nailoni". Yale ni machipukizi ya meno ya kawaida yaliyo ndani ya ufizi. Yakichokonolewa mtoto hupoteza damu, hupata maambukizi, na vijidudu vinaweza kuingia mwilini mzima. Homa ya nyuzi 38 au kuharisha hakutokani na meno. Mpeleke kituo cha afya apimwe malaria, na akiharisha mpe ORS na zinki.

Jino la kwanza mara nyingi huchomoza karibu na miezi 6, kwa wengine miezi 4, kwa wengine mwaka. Yakitangulia ya juu, yapokee vilevile. Mtoto si kigego wala hana nuksi. Siku hiyo nunua mswaki mdogo laini na dawa ya meno yenye floridi, umpakie kiasi cha punje moja ya mchele.