Kuiachia AWF akiba ya IRA: nyota nne

Nimestaafu uuguzi hapa Maryland, na nimeiandikisha African Wildlife Foundation (AWF), shirika la kuhifadhi wanyamapori wa Afrika, irithi sehemu ya akaunti yangu ya IRA, yaani akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni ya hapa Marekani. Sikuichagua kwa matangazo. Mimi ni mzaliwa wa Kibosho. Chuo cha Mweka, kinachofundisha wahifadhi wa wanyamapori tangu 1963, kiko jirani na kwetu, na shirika hili lilisaidia kukianzisha. Makao yake makuu yako Nairobi.

Kwa nini IRA, nyumba nisiiguse? Fedha za IRA ya kawaida bado hazijakatwa kodi ya mapato. Mwanangu akizirithi, kila dola anayotoa inahesabiwa kuwa kipato chake, na kwa sheria ya 2019 warithi wengi wasio mume au mke wa marehemu wanatakiwa waimalize akaunti ndani ya miaka 10. Shirika la hisani halitozwi kodi hiyo: ukiliachia dola 10,000, linapata 10,000 kamili. Nyumba ni bora waipate watoto, kwa kuwa thamani yake kikodi huhesabiwa upya kwa bei ya wakati mzazi anapofariki, hivyo wakiiuza hawatozwi kodi kwa ongezeko la bei la nyuma.

Ofisi ya shirika inayoshughulikia mirathi nimeipenda sana. Walinipa jina lao kamili la kisheria na namba ya kodi, wakajibu maswali yangu kwa upole, wala hawakunichimba kujua nina kiasi gani.

Nyota moja naikata kwa sababu ya kampuni inayotunza akaunti. Tovuti yao ilidai tarehe ya kuzaliwa ya mrithi, eti hata shirika! Ikabidi nipige simu na kusubiri mno, ndipo wakanitumia fomu ya karatasi ya kutaja mrithi. Ijazeni kwa makini, ndugu zangu, kwani fomu hiyo ina nguvu kuliko wosia. Mkishaituma, daini uthibitisho wa maandishi.

Wenye 401(k), yaani mpango wa akiba ya uzeeni wa kazini, walio kwenye ndoa wajue kwamba ili kumtaja mrithi mwingine, mwenzi lazima akubali kwa maandishi, mbele ya mthibitishaji wa sahihi (notary) au mwakilishi wa mpango. Zungumzeni nyumbani kwanza.

Na aliyefikisha miaka 70 na nusu anaweza kutoa akiwa hai, moja kwa moja kutoka IRA kwenda kwa shirika, bila kodi ya mapato. Kikomo cha mwaka 2025 kilikuwa dola 108,000. Fomu ya hilo nayo nimeshaiomba.