Kava za chini ya gari zilizopotea: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Ukichungulia chini ya IST, Premio au Raum iliyotembea Mwanza miaka kadhaa, mara nyingi utakuta sampo (bakuli la oili chini ya injini) iko wazi na plastiki ya fenda imebaki nusu. Mawe hulaumiwa bure. Kava nyingi hupotelea gereji, siku ya kumwaga oili: klipu zote zinafunguliwa, zinarudishwa tatu, na tuta linalofuata linamaliza kazi. Kwa hiyo bajeti ya kava ianze na klipu na boliti. Ukinunua kava bila hivyo, utarudi dukani kununua nyingine.

Si kila kava inastahili fedha yako, kwa hiyo tuzipange.

Ya kwanza ni ya upande wa kulia: madigadi ya ndani ya fenda pamoja na kipande cha kava ya injini kinachokutana nayo. Kwenye Toyota nyingi ndogo zenye injini ya kulala (iliyokaa kukingama na gari), zikiwemo zenye injini ya 1NZ, feni belti, puli ya krenki, alteneta na kompresa ya AC viko upande huo, na tairi la kulia linarusha maji na mchanga moja kwa moja huko. Mvua ikiteremsha maji na changarawe kutoka milima ya Isamilo na Bugando hadi barabarani, gari lisilo na kava hiyo linapiga kelele ya belti, wakati mwingine taa ya betri inawaka, kisha linatulia likikauka. Mwenye gari anabadilisha belti, na mvua ijayo kelele inarudi. Mchanga unakula belti na beringi za alteneta, na soketi ya sensa ya krenki inashika kutu. Kama fedha inatosha upande mmoja tu, chukua wa kulia.

Ya pili ni kava ya injini upande wa kushoto na katikati, halafu madigadi ya fenda ya kushoto, inayokinga soketi za taa. Utasikia gereji kwamba injini "inapumua" vizuri bila kava. Gari likiwa kwenye mwendo, kava husaidia hewa iliyoingia kwenye bampa ipite kwenye rejeta badala ya kukwepea chini. Ukiwa kwenye foleni, kazi yote ni ya feni. Gari likichemka kava ikiwepo, kagua feni, maji ya rejeta, na mapezi ya kondensa ya AC iliyo mbele ya rejeta, maana wadudu wa ziwani huganda pale pamoja na vumbi hadi hewa haipiti.

Ya mwisho ni zile bapa za chini ya sakafu, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Kazi yake kubwa ni kulainisha upepo gari likikimbia, na faida hiyo huioni kwenye safari za Igoma kwenda mjini. Ziache. Isipokuwa ile inayofunika mabomba ya breki na ya mafuta: hiyo irudishe, hasa kama unapita barabara za vumbi.

Sasa, ununue ya aina gani?

Bora ni orijino iliyotumika, iliyotoka kwenye gari la kukatwa. Matundu yanakaa mahali pake na plastiki yake inakunjika bila kupasuka. Nenda dukani na kodi ya chesisi (herufi na namba za modeli), si jina la gari tu: IST ya NCP60, NCP61 na NCP65 si gari moja. Kwenye Toyota nyingi namba ya kava ya injini huanza na 51441 kwa kulia na 51442 kwa kushoto. Madigadi ya ndani ni 53875 kulia na 53876 kushoto. Angalia namba iliyochapwa kwenye plastiki yenyewe. Kisha kagua masikio ya boliti, maana ndiyo hufa kwanza. Kava safi yenye masikio mawili yaliyokatika ni takataka iliyooshwa. Iliyolowa oili pia iache.

Inayofuata ni kopi mpya. Kwa madigadi ya fenda inafaa kabisa. Kwa kava ya injini, omba kuijaribu kwenye gari kabla ya kulipa. Ikiwa nyepesi kiasi cha kupepea ukiishika kona moja, itapepea pia barabarani.

Sampo gadi ya chuma ya kuchomelea ni ya mtu anayeishi kwenye mawe ya mlimani au anayekwenda vijijini kila wiki. Pleti ya milimita 2 yenye sentimita 60 kwa 70 ina uzito wa karibu kilo 6.6, ya milimita 3 inafika karibu kilo 10, na kwa Passo huo ni mzigo wa bure. Ifungwe kwenye krosimemba (chuma kinene kinachokatiza chini ya gari), kamwe si kwenye fremu ya rejeta. Iwe na tundu la nati ya oili, matundu ya hewa, na mdomo wa mbele uliokunjwa kwenda juu. Pima pia inavyoning'inia: rampu ya kivuko cha Kamanga hubadilika mteremko kadiri maji na mzigo vinavyobadilika, na gadi iliyoshuka sana itakwangua pale.

Plastiki ya pipa iliyokatwa kwa msumeno ni suluhisho la muda linaloruhusiwa, mbali na ekzosi. Maturubai, magunia na mazulia hapana: yananyonya oili karibu na bomba la moto.

Kabla ya kufunga, ziba uvujaji wa oili, vinginevyo kava itaukusanya na kuuficha. Tumia shimo la gereji au stendi. Jeki peke yake haitoshi kulala chini yake. Boliti nyingi ni M6, spana namba 10. Sikio likiwa limepanuka, weka washa (ringi ya chuma) pana. Uzi ukiwa umekufa, weka nati ya klipu (inayobanwa kwenye ukingo wa tundu) badala ya kulazimisha skrubu. Waya wa kufungia hukata plastiki kama kisu, na tai za nyaya hukatika kwa joto. Anza na boliti za mbele: ukingo wa mbele uingie juu ya mdomo wa bampa, usiachwe ukining'inia chini yake, la sivyo upepo utaubeba. Zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto ukiangalia tairi lisiguse. Kaza tena baada ya siku chache.

Siku ya kubadilisha oili, hesabu klipu mbele ya fundi kabla hajafungua, na nyingine tano ziwe kwenye droo ya gari.